'Hear' ama 'hearing'? Ku- ya Kianjai kwenye njia panda ya Kiingereza

Saiba yenyewe ni chumba kimoja kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, pale Kianjai: kompyuta tatu, printa moja, na mashine ya fotokopi iliyofunikwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Nilikuwa nimeingia kuchapisha karatasi mbili tu. Mbele yangu alikuwa kijana aliyeleta barua ya kuomba kazi, ameiandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, na msichana wa saiba alikuwa akiipiga chapa. Alipofika mstari wa mwisho akasimamisha vidole.

"Hapa umeandika 'I look forward to hear from you'. Ni 'hear' ama 'hearing'?"

"Baada ya 'to' si ni 'hear'?" kijana akamjibu. "'To go', 'to eat', 'to hear'."

"Mimi huona watu wakileta 'hearing'."

"Wote?"

"Wengine hivi, wengine vile."

Wakanigeukia. "Mwalimu, unasemaje?" Huku kwetu, aliyewahi kushika chaki huitwa mwalimu hadi anapoingia kaburini, na mimi nilifundisha Kiingereza katika shule za upili za Meru kwa miaka mingi. Nikasema ni 'hearing'. Msichana akasahihisha, kijana akalipa. Kabla ya kutoka akaniuliza swali ambalo wanafunzi wangu waliniuliza kila mwaka: "Lakini kwa nini?"

Nilimwambia ndivyo Waingereza wasemavyo. Jibu hilo halikumtosha, na halikunitosha mimi pia. Yule kijana hakukosea kwa uzembe. Alikuwa na kanuni kichwani, akaifuata kwa uaminifu, na kanuni hiyo ni sahihi mara nyingi kuliko inavyokosea. Alistahili maelezo, na maelezo yapo. Sehemu kubwa yake anayo mwenyewe tangu utotoni, katika Kiswahili na Kimeru chake. Hakuna aliyemwonyesha.

Tuanze na jambo lenyewe. Kiingereza kina njia mbili za kulifanya tendo liwe jina. Ya kwanza ni kuweka 'to' mbele ya kitenzi: 'to read'. Wanasarufi huiita infinitivu. Ya pili ni kukibandika kitenzi '-ing' mwishoni: 'reading'. Hiyo ndiyo jerandi. Sisi tuna njia moja: kusoma. Nataka kusoma, nafurahia kusoma, nimemaliza kusoma, kusoma kunafaa. Ku- ni ile ile mara nne. Mwingereza atasema 'I want to read', kisha 'I enjoy reading', 'I have finished reading', 'Reading is useful'. Mtoto wetu amesimama kwenye njia panda ambayo katika lugha yake ni barabara moja iliyonyooka.

Na Kimeru nacho kinamwambia vivyo hivyo. Watu wa Kianjai huzungumza Kitigania, mojawapo ya lahaja za Kimeru pamoja na Kiimenti, Kiigembe na nyingine. Kulima kwao ni kurima, kujua ni kumenya. Vuka mpaka uingie Uganda, utasikia okusoma. Shuka hadi kwa Wazulu, utakuta ukufunda. Mjerumani Wilhelm Bleek alipoanza kuyapanga majina ya lugha za Kibantu kwa makundi mwaka 1862, alikuwa akiweka msingi wa orodha ambayo wataalamu hutumia hadi leo, na katika orodha hiyo ku- ni kundi la 15. Kwa hiyo mtoto wa Kianjai anayeandika 'I enjoy to read' anatii sheria inayotawala kutoka Kampala hadi Durban.

Katika somo la Kiswahili mtoto huyu hufundishwa ngeli ya KU. Hujifunza sentensi kama "Kuchelewa kwake kulimkasirisha mwalimu." Tazama jinsi "kuchelewa" kunavyoshika hatamu: kwake, kulimkasirisha. Kitenzi kimekuwa jina kamili, kina mwenyewe, kina upatanisho wake. Sasa iweke kwa Kiingereza: 'His coming late annoyed the teacher.' Hiyo ni jerandi yenye mmiliki, na watu wengi waliozaliwa na Kiingereza huisema 'him coming late' bila kufikiri. Mtoto wetu hawezi kusema "kuchelewa yeye kulimkasirisha". Sikio lake litakataa. Akionyeshwa kwamba 'his coming' ndiyo "kuja kwake", ataipata siku hiyo hiyo. Lakini somo la ngeli ya KU liko kipindi cha asubuhi, jerandi iko kipindi cha alasiri, na katika miaka yangu yote ya kufundisha sikumwona mwalimu aliyeubeba ubao wa asubuhi akaupeleka alasiri. Nami sikuubeba, na hilo naliona leo kuwa kosa langu kubwa zaidi darasani.

Shida halisi huja pale ku- inapofuata kitenzi kingine. Nataka ku-, naacha ku-, nakumbuka ku-. Hapo Mwingereza anachagua, na mwanafunzi anauliza anachagua kwa kipimo gani.

Historia inasaidia. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Kiingereza cha kale kilionyesha infinitivu kwa kiambishi cha mwisho, '-an'. Neno 'to' lilikuwa kihusishi cha kuonyesha uelekeo, lile lile tunalolitumia tukisema 'to Meru', na lilipotangulia kitenzi lilibeba maana ya kuelekea tendo. Karne zilivyopita viambishi vya mwisho vikalika kama ngazi za jiwe, 'to' ikabaki kuwa alama ya infinitivu. '-ing' ina ukoo mwingine. Ilitokana na kiambishi kilichotoa majina kwenye vitenzi, kama sisi tunavyotoa "mchezo" kwenye "cheza" na "usomaji" kwenye "soma". Basi kwa asili 'to' ni njia: tendo liko mbele, hujalifikia. '-ing' ni tendo lenyewe, liko mkononi au umeshaliacha nyuma.

Vitenzi vingi bado vinakumbuka asili hiyo. Anayetaka, anayetumaini, anayeamua, anayeahidi, anayekubali, anayekataa, anayepanga, wote wanatazama mbele: 'want to', 'hope to', 'decide to', 'promise to', 'agree to', 'refuse to', 'plan to'. Anayemaliza hawezi kumaliza jambo ambalo halijaanza. Anayekiri hawezi kukiri lisilotendeka. Anayefurahia ana kitu anachokionja. Ndiyo sababu ni 'finish cooking', 'admit stealing', 'enjoy singing'.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotupa kipimo ambacho sijakiona katika kitabu chochote cha Kiingereza nilichofundishia, nami nilikifikia kwa kuchelewa, kwa kusahihisha madaftari. Ichukue sentensi yako ya Kiswahili yenye ku-, kisha jaribu kuiondoa ku- na kuweka -li- au -ta-. "Alikiri kuiba" inakuwa "alikiri kwamba aliiba". Imekubali -li-, basi Kiingereza kinataka '-ing': 'admitted stealing'. "Alikana kuiba" inakuwa "alikana kwamba aliiba": 'denied stealing'. Sasa "aliahidi kuja". Hiyo inakuwa "aliahidi kwamba atakuja". Imekubali -ta-, basi ni 'to': 'promised to come'. "Natumaini kupita mtihani" ni "natumaini nitapita": 'hope to pass'. Mwanafunzi anayejua Kiswahili hahitaji kukariri lolote hapo. Anaitega sentensi, anaisikiliza.

Kipimo hicho hung'aa zaidi kwa vitenzi vinavyokubali njia zote mbili kwa maana mbili. Kila mwalimu wa Kiingereza ana mfano wake wa 'stop'. Wangu ni wa barabara ya Maua: 'The driver stopped to buy miraa', na 'The driver stopped buying miraa'. Katika ya kwanza gari limeegeshwa kando, dereva ameshuka, anachagua kitita. Katika ya pili hashuki tena, tabia imekwisha. Na huku Tigania na Igembe watu wanaujua uzito wa ile ya pili. Mwaka 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku, soko la London likafungwa, na familia zilizokuwa zikilipa karo kwa zao hilo zikatafuta njia nyingine. 'Britain stopped buying our miraa.' Ukimwambia mtoto wa mkulima 'Britain stopped to buy our miraa', umemwambia kinyume kabisa: kwamba Uingereza ilikuwa njiani, ikasimama, ikanunua.

Sisi hatujikwai hapo kwa Kiswahili kwa sababu tunabadilisha kitenzi cha kwanza. Alisimama kununua, aliacha kununua. Mwingereza anakiacha cha kwanza vilevile, anabadilisha cha pili. Mzigo ni mmoja, umebebwa na bega tofauti. Mwanafunzi akilielewa hilo, anajua pa kuangalia.

'Remember' nayo iko hivyo. 'Remember to lock the gate': kumbuka kufunga lango, bado halijafungwa. 'I remember locking the gate': nakumbuka nilifunga lango. Angalia jinsi Kiswahili chenyewe kilivyoacha ku- na kushika -li- katika ya pili, bila kuamrishwa na mtu. 'Forget' inafuata mkondo huo. 'Regret' pia, na hiyo inafaa kujulikana na kila anayepokea barua: 'We regret to inform you' ni huzuni ya habari inayokuja sentensi ile ile, wakati 'I regret telling him' ni majuto ya maneno yaliyokwisha kutoka kinywani.

Vipo vitenzi visivyojali. Somalia ilipoufungua tena mlango wake kwa miraa ya Kenya Julai 2022, ungeweza kuandika 'traders started to export' au 'traders started exporting', na hakuna mtahini wa kukukata alama. 'Begin', 'start' na 'continue' havina ugomvi. Tusipoteze muda hapo.

Muda tuupoteze kwenye vile vinavyokaidi, maana lazima niseme ukweli: ufunguo huu haufungui kila mlango. 'Suggest' hutazama mbele, kwa kipimo changu kingetaka 'to', nacho kinakataa. Nenda usome kumbukumbu za mikutano ya vyama na kamati huku kwetu, utakuta mwenyekiti 'suggested to postpone the meeting'. Inavyotakiwa ni 'suggested postponing the meeting', au 'suggested that we postpone'. 'Consider' ni hivyo hivyo: 'I am considering applying', ijapokuwa maombi yenyewe hayajaandikwa. Upande wa pili kuna 'manage', ambacho husimulia jambo lililofanikiwa tayari, na bado kinadai 'to': 'She managed to pass.' Ukimwambia mwanafunzi kwamba kuna kanuni moja isiyovunjika, atakuja kugundua umemdanganya, na atakutilia shaka hata ulipomwambia kweli.

Kwa vikaidi hivyo kuna kamusi, na kamusi ya aina hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu kama sisi. Mwaka 1924 Mwingereza A. S. Hornby alikwenda Japani kufundisha. Wanafunzi wake walikuwa na shida ya yule kijana wa saiba: walijua maana ya kitenzi, hawakujua kinafuatwa na nini. Kamusi za wakati huo ziliandikwa kwa Waingereza, ambao hawakuhitaji kuambiwa. Hornby na wenzake wakatunga kamusi iliyovipanga vitenzi kwa mifumo 25, kila kitenzi na namba ya mifumo yake, ikionyesha kipi kinafuatwa na 'to', kipi na '-ing', kipi na vyote viwili. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiendelea, na mwaka 1948 Oxford University Press ikaitoa upya Uingereza. Hiyo ndiyo kamusi iliyokuja kuwa Oxford Advanced Learner's Dictionary, ambayo ipo katika mikoba mingi ya shule Kenya hii. Wanafunzi wengi huifungua, wakasoma maana, wakaifunga. Macho hayafiki kwenye alama ndogo iliyo baada ya kitenzi, inayosema 'to do something' au 'doing something'. Hornby aliitunga kamusi yake kwa sababu ya alama hiyo.

Sasa nirudi kwa kijana wangu na 'look forward to hear', maana kosa lake ni la kipekee. Katika Kiingereza zipo 'to' mbili, zinafanana sura kama Mwenda wawili darasani: jina moja, nyumba mbili. Moja ni ya infinitivu, inayobandikwa kwenye kitenzi. Ya pili ilibaki kihusishi kama zamani, ile ya 'to Meru', nayo hufuatwa na jina. Zikitenganishwa, kanuni ya kijana inasimama: baada ya 'to' ya kwanza, kitenzi kitupu. Baada ya 'to' ya pili, jina, na kitenzi kikitaka kukaa mahali pa jina lazima kivae '-ing'.

Atazijuaje? Ajaribu kuweka jina tupu. 'I look forward to your reply.' Imekaa. 'I look forward to Christmas.' Imekaa pia. Basi hiyo ni 'to' ya pili, na ni 'hearing'. Ajaribu 'I want to Christmas'. Imeanguka. Hiyo ni ya kwanza. Jaribio lenyewe ni la nusu dakika, na lingetosha kumjibu pale saiba kabla printa haijatema karatasi.

Jaribio hilo hilo linaokoa mwanafunzi kwenye mtego wa 'used to'. 'I used to walk to school' ni habari ya zamani: nilikuwa nikitembea, siku hizi sitembei. 'I am used to walking to school' ni mazoea: nimezoea kutembea, hainichoshi. Sisi tuna "-zoea" ambayo inaweza kufanya kazi zote mbili, "nilizoea kutembea kwenda shule", na msikilizaji akaelewa kwa mazingira. Ndiyo maana watoto wetu huandika 'I am used to walk'. Ukiwaambia waweke jina, 'I am used to this road', mlango unafunguka.

Na kwa jumla, ningepewa kipindi kimoja tu cha kufundisha somo hili, ningekitumia kwenye vihusishi. Kabla ya kula, bila kuuliza, kwa kufanya kazi, hodari wa kuimba: 'before eating', 'without asking', 'by working', 'good at singing'. Baada ya kihusishi ni '-ing'. Ukiacha 'but' na 'except', ambavyo vina mambo yake, hakuna kukaidi huku. Ni kanuni safi, inashughulikia sentensi nyingi sana za kila siku, na mtoto anayeanza nayo anajenga ujasiri kabla hajakutana na 'suggest'.

Kuna kosa jingine ambalo nataka kulitetea kidogo: 'The teacher made me to sweep.' Leo ni 'made me sweep', bila 'to'. Lakini wamisionari wa Kimethodisti waliofika Meru mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, na katika Zaburi ya 23 ya Biblia hiyo, zaburi ambayo wazee wengi huku waliijua kwa moyo, kitenzi 'make' kimefuatwa na 'to'. Kiingereza cha wakati huo kiliruhusu. Mzee anayesema 'made me to' amerithi Kiingereza kilichopitwa na wakati, hajakiharibu. Tena 'to' hiyo hurudi sentensi ikigeuzwa kuwa ya kutendwa: 'They made the boys wait', lakini 'The boys were made to wait'. Mtahini wa KCSE anaupenda ugeuzaji wa namna hii. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza swali la sarufi lina alama 15 kati ya 80, na sehemu yake huwa ni kuandika sentensi upya kwa kufuata maagizo. Ukiongeza zoezi la kujaza mapengo la alama 10 katika karatasi ya kwanza, na insha ambazo kila mstari wake una kitenzi, utaona kwamba 'to' na '-ing' si jambo la pembeni.

Yuko atakayeniuliza: kwani hatuna Kiingereza chetu? Mtaalamu wa Kijerumani Josef Schmied, aliyechunguza Kiingereza cha Afrika Mashariki kwa miaka mingi na kusimamia mkusanyo wa matini za Kenya na Tanzania uliotolewa mwaka 1999, ameeleza kwamba kile kinachofuata kitenzi hubadilikabadilika huku kwetu, mara 'to', mara '-ing', mara kitenzi kitupu. Nigeria husikika 'enable him do' bila 'to'. Yawezekana miaka 100 ijayo 'enjoy to read' itakuwa Kiingereza halali cha Nairobi. Simcheki anayesema hivyo leo sokoni, kwani anaeleweka na mazungumzo yanaendelea. Lakini barua ya yule kijana haikuwa inakwenda sokoni. Ilikuwa inakwenda kwenye meza ya mtu ambaye ana barua nyingi na anatafuta sababu ya kuzipunguza. Kumnyima mtoto wa Kianjai ufahamu wa kanuni zinazotumiwa kumpima, kwa kisingizio kwamba lugha inabadilika, ni dhuluma.

Nimesema hakuna aliyemwonyesha. Nataka kusema kwa nini, na hapa nasema kwa uchungu. Nilipokuwa shule ya msingi tulivalishwa kibao shingoni. Ukisikika ukisema neno la Kimeru, kibao kinahamia kwako, na jioni aliyebaki nacho darasani anapigwa. Niliwahi kuchapwa kwa kumwambia mwenzangu kwamba mbuzi wao wameingia shambani. Mbuzi walikuwa wameingia kweli. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya adhabu ya namna hii mwaka 1986, na wasomaji wa nje wakashangaa. Sisi hatukushangaa. Maumivu ya fimbo yalikwisha siku hiyo. Kilichobaki ni somo jingine, ambalo halikuandikwa ubaoni: kwamba ukiingia darasa la Kiingereza, lugha zako ziache langoni kama viatu vyenye matope.

Sera zimekuwa zikiyumba. Tume ya Ominde mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi mwaka 1976 ikarudisha lugha ya mama katika miaka ya mwanzo, na mtaala wa umilisi wa sasa unasema hivyo hivyo hadi gredi ya tatu. Kibao kimetoweka katika shule nyingi. Lakini lile lango lingalipo. Mwalimu wa Kiingereza bado anaogopa kuandika "kuchelewa kwake" ubaoni, asije akaonekana anapotosha watoto.

Hofu hiyo ina hoja, nami sitaidharau. Wanasema tafsiri ya neno kwa neno ndiyo iliyozaa 'enjoy to read', kwa hiyo dawa ni kuisahau tafsiri. Jibu langu ni kwamba tafsiri haiombi ruhusa. Inafanyika kichwani mwa mtoto kila anapofungua kinywa, gizani, bila mwalimu. Tukiileta ubaoni ataona mahali ku- yake inapolingana na 'to', mahali inapolingana na '-ing', na mahali inapomwacha peke yake. Tukiifukuza itaendelea kufanya kazi ile ile, na mtoto hatajua anakosea wapi.

Mambo ninayoyataka ni machache na hayahitaji bajeti. Kianjai haiko mbali na wasomi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, humu humu Tigania Magharibi, na karibu kila shule ya upili ina mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wanaokunywa chai kwenye meza moja saa nne. Wiki inapofundishwa ngeli ya KU, mwalimu wa Kiingereza na aingie akae nyuma ya darasa. Wiki ya jerandi, wa Kiswahili naye aingie. Waandike sentensi kumi za mtaa wao, za miraa, za ndengu, za matatu, za shule, waziweke pande mbili za ubao, na wawaache wanafunzi wajaribu -li- na -ta- wenyewe. Na mzazi mwenye kamusi nyumbani, mwonyeshe mtoto alama ile ndogo baada ya kitenzi, usiku huu huu akifanya kazi ya ziada. Walimu wenzangu, anzeni muhula ujao.